Paipu Iliyogeuzwa Nje

Kila nikitaka kusimulia siku ile ya mvua Nairobi, kwanza napumua. Mume wangu akiniona navuta ile pumzi anajua ninachokumbuka, anaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Mwache atabasamu. Siku yenyewe hata yeye hakutabasamu mpaka jioni.

Sisi ni watu wa upande wa Mutomo. Nilifundisha shule ya msingi zaidi ya miaka thelathini, na mpaka leo hakuna anayeniita kwa jina langu. Ni mwalimu huku, mwalimu kule. Hata mume wangu huniita mwalimu, hasa akitaka nipunguze sauti. Yeye ni mtu wa nyuki na mbuzi, na maneno yake ni machache. Binti yetu wa mwisho anafanya kazi Nairobi, na kwa muda mrefu alikuwa akituimbia wimbo mmoja tu: mje niwatembeze, mtazeeka bila kuuona mji. Mimi Nairobi nilikuwa nimefika mara nyingi, lakini nilichoijulia ni ofisi na foleni. Sikuwahi kutembea hapo kama mtu asiye na shida.

Mwaka huo alipata likizo mwezi wa kumi na moja. Mume wangu akauliza, "Na mvua je?" Lilikuwa swali la maana. Kwetu mvua ya vuli ndiyo mvua. Ile ya masika huja ikitania tu. Na misimu miwili mfululizo ilikuwa imetupita, mpaka silanga, lile bwawa la udongo la kijiji, likabaki nyufa ambazo mguu wa ndama ungeingia. Lakini redio ilisema mvua itachelewa hadi mwisho wa mwezi. Tulikuwa tumeshapanda kavu, mbegu ziko ardhini zinangoja. Mbuzi tukawapeleka kwa shemeji yangu ng'ambo ya mto. Nikafunga nyumba, nikafunga lango la miiba, tukaenda. Nilimwambia mume wangu kwamba tutarudi kabla tone halijaanguka. Nilisema kwa ile sauti yangu ya darasani, na yeye huwa haipingi.

Siku ya tatu tukiwa Nairobi niliamshwa na mvua.

Nilitoka kitandani mbio nikafungua dirisha. Mume wangu alikuwa amenitangulia, ametoa mkono nje hadi kwenye kiwiko, mkono wa pajama umelowa chapachapa. "Inanyesha," akaniambia, utadhani mimi ni kipofu. Nikaanza kuimba pambio. Mvua nene, ya kweli, ile inayopiga lami ikaruka juu tena! Binti yetu akatoka chumbani kwake na nywele zimesimama, akaangalia nje, akasema, "Ai jameni, siku yetu imeharibika."

Nilimgeukia. "Nini kimeharibika?"

"Siku, mama. Tulikuwa tutembee."

"Mvua ndiyo imeharibu siku?" Haki ya Mungu, nilitaka kumrudisha darasa la kwanza. Mtoto niliyemlea kwa maji ya mtungi, aliyekuwa akinawa uso kwa kikombe kimoja, leo anasema mvua imeharibu siku. Nilichukua mabeseni yake mawili na sufuria kubwa nikayapanga kwenye roshani, chini ya mahali paa lilipokuwa likitiririka. Akaja nyuma yangu akicheka.

"Mama, maji yako kwa bomba."

"Haya ni ya bure na ni matamu."

"Ni ya moshi wa magari."

Hapo alisema kweli, lakini sikuyaondoa. Tulikunywa chai, tukavaa, tukatoka na miavuli miwili kwa watu watatu.

Kwanza alitupeleka kwenye lile jumba refu ambalo watu hupanda hadi juu kuangalia mji wote. Tulipanda, kifua kikinibana kidogo, tukatokea juu kabisa. Tulichoona ni weupe mtupu. Wingu lilikuwa limelala juu ya Nairobi yote, na hata barabara ya chini yetu haikuonekana. Binti alianza kuomba msamaha, ati siku nyingine mtu huona hadi mlima. Mume wangu alizunguka ukingo wote, pole pole, akishika chuma kwa mkono, akarudi pale alipoanzia.

"Nimekuwa nikiangalia mawingu kutoka chini maisha yangu yote," akasema. "Sasa nimeyaangalia kutoka ndani. Twende."

Binti akapendekeza twende kuona wanyama. Mume wangu alikataa kabisa. "Nitoke Mutomo nije kuangalia ndovu Nairobi? Ndovu wameshanilia mahindi." Kwa hiyo tukaenda kwenye jumba la makumbusho, ambako angalau kuna paa.

Nilifurahi humo, sitadanganya. Kulikuwa na ndege waliokaushwa, kabati baada ya kabati, na mume wangu alikuwa akiwataja kwa Kikamba mmoja mmoja, mpaka wanafunzi wa shule fulani wakaanza kumfuata wakidhani ni kazi yake. Mbele kidogo tukakuta vyombo vya Wakamba wa zamani nyuma ya kioo: vibuyu, kinu, mzinga wa gogo. Akasimama mbele ya ule mzinga muda mrefu. "Huu umepasuka," akasema. "Nyuki hawezi kuingia hapa." Binti alicheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nikasogea dirishani kupumzisha miguu. Dirisha lile lilitazama upande wa nyuma wa jengo, na mbele yangu kulikuwa na gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa, imejaa pomoni, na chini yake paipu nene ikitema maji kwenye mtaro. Maji meupe, mengi, yakienda zake. Nilifikiria jinsi watu wa mjini walivyo na bahati mbaya ya kutojua wanachomwaga. Nikaendelea kuiangalia ile paipu. Nikaiangalia. Halafu moyo wangu ukafanya pu!

Paipu yangu.

Wacha nieleze, kwa sababu hata binti yangu, aliyezaliwa huko, ilibidi nimweleze. Kwetu kila mwenye tangi anajua kwamba mvua ya kwanza haiingii tangini. Mabati yamekaa miezi na vumbi, na kinyesi cha ndege, na majani makavu, na mjusi mmoja au wawili waliofia kwenye gata. Kwa hiyo kabla ya mvua unaigeuza paipu, mdomo wake unatazama nje, maji ya kwanza yanaosha mabati na kumwagika uani. Yakishakuwa safi ndipo unairudisha tangini. Kuigeuza na kuirudisha ni kazi ya dakika tano, na inataka mtu awe nyumbani. Wiki ya kusafiri mimi nilisugua tangi langu la lita elfu tano mpaka likang'aa ndani, nikatoa hata matone ya mwisho, nikaigeuza paipu nje na kuifunga kwa waya. Nilijiona mwanamke hodari sana. Nikafunga lango nikaenda kutembea Nairobi.

"Baba," nikamwita mume wangu. Sauti iliyotoka haikuwa ya darasani. "Paipu iko nje."

Alinielewa mara moja. Alinishuhudia nikilisugua tangi lile. Alitoa simu akampigia binamu yake mwenye duka la dawa za mifugo sokoni Mutomo, na mimi nikiomba moyoni, naona aibu hata kusema, nikiomba kwamba kwetu kuwe kukavu bado. Mtu wa Mutomo kuomba mvua isinyeshe!

Simu ilikuwa na kelele. Nilimsikia yule binamu kutoka pale niliposimama. "Inanyesha tangu usiku!" alikuwa akipiga kelele kwa furaha. "Inanyesha yote! Mto umefurika, hakuna mtu anavuka! Mmelala huko?"

Mume wangu akakata simu. Ndugu yake mwenye mbuzi wetu alikuwa ng'ambo ya mto. Binamu alikuwa ng'ambo ya mto. Upande wetu wa mto, karibu na nyumba yetu, kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye angeweza kufika pale kabla maji yote hayajaisha, na yeye ni jirani yangu, na mimi na yeye hatukuwa tukisalimiana tangu mwezi wa nane.

Binti akasema, "Si mtaletewa maji na boza kama kawaida?"

"Boza gani?" nikamfokea, mbele ya wale ndege wote. "Lori gani la maji linafika kwetu? Unajua ni nani hufuata maji mtoni jua likiwaka? Unajua unachimba mchanga mpaka wapi kabla hujaona unyevu?" Wanafunzi wakageuka. Mlinzi pia akageuka. Nilimwonea huruma binti, kwa sababu hakukosa lolote. Aliyekosa ni mimi. Tangi lile likijaa mwezi wa kumi na moja, ukitumia kwa akili, linakuvusha hadi masika na hata kupita. Likikosa, wewe na punda mnaanza safari ya mtoni kabla ya Krismasi, na magoti yangu yalikuwa yameshaniambia kwamba safari hizo yamezimaliza.

"Mpigie jirani," mume wangu akasema.

"Mpigie wewe."

"Mimi sikugombana naye. Mwenye paipu ni wewe."

"Sina namba yake."

Alinitazama. Kwa miaka ishirini jirani huyo ndiye mtu niliyempigia kuliko ndugu zangu wote. Ilibidi niseme ukweli. "Niliifuta," nikasema. Aliitafuta namba kwenye simu yake, akabonyeza, akanipa.

Sasa lazima niseme kilichotokea mwezi wa nane, kwa sababu pale nilipokuwa nimeshika simu inayolia ndicho kilichonijaa kichwani. Jirani huyu ni mjane, umri wetu ni mmoja, tunaimba sauti moja kwenye kwaya. Hana tangi, ana mapipa mawili tu. Alasiri moja alikuja na mtungi mmoja wa manjano, akasimama uani kwangu, jua limetuchoma sote mpaka hatuwezi kufungua macho vizuri. Akaniomba maji ya kupikia. Nikamwambia, "Jirani, hata mimi nimekauka." Akasema sawa, akaenda. Hakuna aliyepaza sauti. Na tangi langu, Mungu ananisikia, lilikuwa na maji karibu nusu.

Niliogopa. Sina neno jingine. Misimu miwili ilikuwa imetupita, na nilijiambia nikimpa huyu leo, kesho wako kumi langoni, na kesho kutwa mimi ndiye nazunguka na mtungi. Halafu, kwa vile nilikuwa na aibu, nikageuza aibu ikawa hasira. Alipoacha kupita kwangu nikasema amekuwa na maringo. Kanisani alikaa upande wa pili nami nikafurahi. Mume wangu aliponiuliza kuna nini, nikamwambia mwanamke yule ananuna bila sababu. Siku hiyo hiyo nikaifuta namba.

Na sasa nataka anigeuzie paipu.

Simu ililia mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga ya tatu, ya nne. Tulitoka nje, tukasimama kwenye baraza la makumbusho, mvua inamwagika mbele yetu, nikapiga ya tano. Haikuzimwa, ilikuwa inalia tu. Hilo ndilo lililoniuma. Nilimwona kabisa: amekaa mlangoni kwake na kikombe cha chai, simu mapajani, anaangalia maji yangu yakikimbia bondeni, anaacha ilie. Nilimkasirikia! Fikiria, mimi niliyemdanganya, nimesimama Nairobi nikimkasirikia yeye kwa kutonishikia simu. Nilimwambia mume wangu, "Ona roho ya mtu huyu." Akajibu, "Hatujui," kisha akasogea kando na mwavuli wake.

Binti alijitahidi, maskini. Alitupeleka mahali pa kula, tukala viazi na kuku, na mimi sikuonja ladha. Alitupeleka kwenye jengo la duka kubwa lenye ngazi zinazojiendesha zenyewe. Mume wangu alipanda na kushuka mara tatu kwa heshima ya binti. Mimi nilikaa kwenye benchi nikipiga hesabu ya ile mvua: saa ngapi imenyesha, mabati yangu ni mangapi, sasa lingekuwa limefika magotini, sasa lingekuwa limefika kiunoni. Kila dakika nilimwaga tangi upya. Watu walipita wakikung'uta miavuli na kulalamika, ati mvua hii, ati mvua hii, nami nilitamani kuwazaba kibao mmoja mmoja.

Ilipokaribia saa kumi tulikuwa tumejibanza chini ya baraza la duka moja katikati ya mji, sisi na watu wengine kama ishirini tusiojuana, wote tukingoja ipungue. Simu ya mume wangu ikalia. Aliitazama, akanisukumia mkononi, nami nikaita haloo.

"Mwalimu!" Alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake mvua inapiga mabati hivi kwamba nilimsikia kwa shida. "Mwalimu, ni wewe ulikuwa unapigia mtu hivyo? Nimefika nyumbani nikaona simu, nikadhani kuna matanga!"

"Jirani," nikasema, "jirani, paipu yangu..."

"Paipu gani? Hiyo nilirudisha tangu asubuhi!"

Nikaegemea ukuta. Yeye anaendelea tu, kwa ile kasi yake, kama kwamba tuliachana jana jioni. Kulipokucha aliyaona maji yakimwagika uani kwetu, akaelewa. Akangoja kwanza mabati yaoshwe vizuri, kwa sababu alisema vumbi la mwaka huu lilikuwa la ajabu. Halafu akavuka kupitia pale ua wetu ulipolegea, akabingirisha pipa lake hadi kwenye ukuta wangu, akapanda juu. Waya nilioufunga ulikuwa mkaidi. "Wewe ulifunga paipu ama ulifunga ng'ombe?" Aliukata kwa panga. Pipa likateleza, akaanguka matopeni, akapanda tena. Kisha akaona gata imezibwa na kiota cha ndege, akazunguka nyumba nzima akikitoa na matawi yaliyoziba. Baadaye akapita shambani kwake, na simu ilikuwa mezani siku yote.

"Sasa imejaa, mwalimu! Imejaa mpaka inamwagika juu! Ngoja usikie, niko hapa kwako." Akasogeza simu. Nikasikia maji yakianguka kutoka juu, yakipiga mawe.

Nililia pale pale, mbele ya watu wa Nairobi. Mume wangu alikuwa amenishika kiwiko akiniuliza nini, nini, na binti amebadilika rangi akidhani mtu amekufa. "Limejaa," nikawaambia. Mwanamume mmoja niliyekuwa simjui, mwenye koti la ofisi, akauliza ni nini kimejaa. Mume wangu akamjibu, "Tangi letu," na yule bwana akatupongeza, nadhani bila kuelewa, akampa mkono. Nilimwambia jirani asante mara nyingi sana, mpaka akasema simu yake inaisha chaji, nimpigie nikitulia.

Mume wangu alivua kofia yake, akaikunja akaitia mfukoni, akatoka kwenye baraza. Akasimama katikati ya mvua na kichwa wazi. Nikamfuata. Binti akapiga kelele, "Mtashikwa na homa!" Kisha naye akafunga mwavuli. Watu wote wamejibanza ukutani, sisi watatu tunatembea barabarani taratibu, tumelowa, tunacheka ovyo. Sijui kama niliwahi kujisikia mwepesi hivyo tangu nistaafu.

Na hapo ndipo nilipoiona Nairobi. Nilikuwa nimetembezwa tangu asubuhi na sikuwa nimeona kitu. Kulikuwa na barabara moja ambayo maua ya jakaranda yalikuwa yameanguka yote, zambarau tupu, na maji yanayabeba kwenda nayo. Kulikuwa na mama amejifunika karatasi ya nailoni kichwani hadi magotini, anachoma mahindi chini ya mwavuli wa rangi saba, moshi unatoka pembeni. Tukala yale mahindi tukiwa tumesimama. Kulikuwa na mapolisi wawili chini ya mwavuli mmoja wa kike wenye maua, wanaelekeza magari. Mume wangu aliona jengo la vioo ambalo maji yalikuwa yakishuka ukuta mzima kutoka juu hadi chini, akasimama akaliangalia kwa uchungu. "Hawa hawana gata," akasema. Binti alimshika mkono, akamvuta. Siku ile tuliitembea mpaka viatu vikaanza kutoa sauti.

Tulifika nyumbani kwa binti yapata saa kumi na mbili, bado kuna mwanga. Mabeseni yangu ya roshani yalikuwa yamejaa, nami nikayatumia kufua soksi zetu, kwa hiyo asiniambie hayakufaa kitu. Nikabadilisha nguo. Mume wangu alikuwa jikoni anachemsha maji ya chai. Nikakaa kwenye kiti kando yake, nikainakili namba, nikampigia jirani kwa simu yangu mwenyewe.

Goti lake lilikuwa limevimba kidogo. Amelipaka mafuta. Kunde bila shaka zitaota kwa siku nne. Mbuzi wake mmoja amejificha jikoni na hatoki. Akaniambia hayo yote, halafu akasema, "Haya, niambie. Umeona nini huko Nairobi?"

Nikamwambia habari za wingu, na mzinga uliopasuka, na ngazi za kujiendesha. Alicheka sana kuhusu mzinga. Nikamwambia habari za jakaranda. Mwisho nikawa sina la kusema ila lile moja.

"Jirani," nikasema. "Ile siku ya mwezi wa nane. Ulipokuja na mtungi."

"Eeh."

"Maji yalikuwako."

Mume wangu akageuka kutoka kwenye jiko. Sikumwangalia. Upande ule mwingine nilisikia mvua tu, imepungua sasa, inagonga pole pole.

"Najua," jirani akasema.

"Unajua vipi?"

"Nikiondoka nilipitisha mkono kwa tangi lako. Jua lilikuwa kali siku hiyo. Pale juu palikuwa moto, hapashikiki. Nikateremsha mkono, pakawa baridi. Baridi ilianzia hapa kwa kifua."

Sisi wote kwetu tunapima maji hivyo. Mtoto wa miaka sita anajua. Plastiki isiyo na maji nyuma yake inachoma, yenye maji inapoa. Alikuwa amesimama uani kwangu na mtungi mtupu, mkono wake umewekwa juu ya maji yangu, na hakusema kitu. Miezi mitatu yote nilipokuwa nikimwita mtu wa maringo, alikuwa akijua hata maji yenyewe yalifika wapi.

"Na bado ukapanda juu ya pipa," nikasema.

"Sasa ningefanya aje, mwalimu? Nikae niangalie maji yakienda?" Alikuwa karibu kunikasirikia. Kisha sauti yake ikashuka. "Iliniuma. Sitakudanganya. Iliniuma sana."

"Nisamehe."

Nilidhani simu imekatika, nikaiangalia, nikaona bado iko.

"Nitakuja tena mwezi wa nane," akasema hatimaye. "Na mtungi wangu."

"Njoo na punda," nikamwambia.